Rodolfo Walsh: Kutoka Hadithi za Upelelezi hadi Mashtaka dhidi ya Dola

Wahakiki wanapoeleza chimbuko la riwaya ya uhalifu wa kweli, yaani kitabu kinachochukua kisa cha mauaji yaliyotokea na kukisimulia kwa ufundi wote wa mtunzi wa riwaya bila kubuni tukio, wengi huanzia Marekani mwaka 1966, pale Truman Capote alipotoa In Cold Blood, kitabu kuhusu familia moja ya wakulima iliyouawa katika jimbo la Kansas, na kudai kwamba ameanzisha utanzu mpya. Dai hilo lilienea haraka kwa sababu lilitolewa New York, tena kwa Kiingereza. Hata hivyo, miaka tisa kabla yake, mjini Buenos Aires, mtunzi wa hadithi za upelelezi ambaye hakuwa akijulikana nje ya Argentina alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha aina hiyo hiyo, na alikiandika katika hali ambayo Capote hakuwahi kukutana nayo: wauaji aliowafuatilia hawakuwa gerezani wakisubiri kunyongwa, bali walikuwa ofisini, wamevaa sare, na walikuwa na uwezo wa kumtia mbaroni mwandishi mwenyewe siku yoyote waliyotaka.

Rodolfo Jorge Walsh alizaliwa tarehe 9 Januari 1927 katika makazi ya wakulima ya Choele Choel, mkoa wa Río Negro, kusini mwa Argentina, mahali ambapo leo panaitwa Lamarque. Wazazi wake wote wawili walitoka katika jamii ya wahamiaji wa Ayalandi waliokuwa wameingia nchini humo katika karne ya 19, jamii iliyoshikilia Ukatoliki na lugha yake ya Kiingereza hata baada ya vizazi kadhaa. Baba yake alikuwa msimamizi wa shamba la mifugo la watu wengine, akajaribu kukodi ardhi na kujitegemea, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamfilisi. Watoto wakatawanywa, na Rodolfo akapelekwa shule za bweni zilizowekwa kwa ajili ya watoto maskini wa asili ya Ayalandi, kwanza ile ya watawa wa kike huko Capilla del Señor na baadaye Taasisi ya Fahy, iliyoendeshwa na mapadri katika mji wa Moreno. Maisha ya bwenini, pamoja na njaa yake, ngumi zake na adhabu zake, yalimpa baadaye hadithi fupi ambazo wengi huzihesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Katika mojawapo, Un oscuro día de justicia, wavulana wanaoonewa na msimamizi wa bweni wanamngoja mjomba wa mmoja wao aje kuwalipizia kisasi. Mjomba anafika, anapigana vizuri mwanzoni, kisha anashindwa mbele ya macho yao, na wavulana wanatambua kwamba wasipojitetea wenyewe hakuna atakayewatetea.

Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alipata kazi katika kampuni ya uchapishaji ya Hachette, mjini Buenos Aires, akiwa msahihishaji wa prufu, yaani mtu anayesoma kurasa za majaribio zinazotoka mtamboni na kuzilinganisha na mswada, neno kwa neno, ili makosa yasifike kwa msomaji. Baadaye alifanya pia kazi ya kutafsiri riwaya za Kiingereza, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za upelelezi. Kazi ya usahihishaji mara nyingi hutajwa kwa haraka na waandishi wa wasifu wake kana kwamba ilikuwa riziki tu ya ujana, ilhali ndiyo iliyomfundisha tabia ya akili iliyobaki naye hadi mwisho: kutokuamini ukurasa kwa sababu tu umechapishwa, kulinganisha maandishi mawili yanayodai kusema jambo moja, na kutafuta mahali yanapoachana.

Argentina ya miaka ya 1940 ilikuwa na mapenzi makubwa na hadithi za upelelezi. Jorge Luis Borges na Adolfo Bioy Casares walikuwa wakisimamia mfululizo maarufu wa riwaya za aina hiyo, na ndio waliokaa katika jopo la majaji wa shindano la mwaka 1950 ambalo hadithi ya kwanza ya upelelezi ya Walsh ilitambuliwa. Mwaka 1953 alitoa mkusanyiko wa hadithi tatu ndefu, Variaciones en rojo, uliopata tuzo ya fasihi ya Manispaa ya Buenos Aires, na mwaka huo huo akahariri diwani ya kwanza ya hadithi za upelelezi za waandishi wa Argentina. Mpelelezi wake anaitwa Daniel Hernández, na kazi yake, kama ile ya aliyemtunga, ni kusahihisha prufu. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla atamtambua mara moja ndugu huyu wa mbali: mtu asiye askari, mwenye subira, anayemwacha mkuu wa polisi atoe hukumu ya haraka kisha anaivunja kwa mambo madogo ambayo kila mtu aliyaona na hakuna aliyeyatilia maanani. Katika hadithi ya kwanza ya Variaciones en rojo fumbo linafumbuliwa kwa kuangalia mwandiko wa masahihisho kwenye prufu, unaotetemeka na kutulia kwa zamu, kwa sababu mwandishi wake alikuwa akisahihisha ndani ya treni inayokwenda na kusimama.

Hadithi za namna hiyo, zilizorithiwa kutoka kwa Edgar Allan Poe na Arthur Conan Doyle, zina kanuni isiyoandikwa popote lakini inayozishikilia zote: polisi wanaweza kuwa wazembe au wapumbavu, ila wanataka ukweli, na ukweli ukishathibitishwa sheria hufuata mkondo wake. Walsh wa mwaka 1953 aliiamini kanuni hiyo katika maisha kama alivyoiamini katika hadithi. Hakuwa mwanamapinduzi. Katika ujana wake alipitia kundi la wazalendo wa mrengo wa kulia, na Septemba 1955, jeshi lilipompindua Rais Juan Domingo Perón, aliunga mkono mapinduzi hayo, ambamo ndugu yake mwenyewe alishiriki akiwa rubani wa jeshi la wanamaji. Wakati huo alikuwa akiishi La Plata, makao makuu ya mkoa wa Buenos Aires, pamoja na mkewe Elina Tejerina na binti zao wawili, akiandika makala za majarida na kutumia jioni zake kwenye mkahawa mmoja akicheza sataranji.

Usiku wa tarehe 9 Juni 1956, maofisa waliokuwa bado wakimtii Perón, wakiongozwa na Jenerali Juan José Valle, walijaribu kuuangusha utawala wa kijeshi wa Jenerali Pedro Eugenio Aramburu. Jaribio hilo lilizimwa katika saa chache, na Valle mwenyewe alipigwa risasi siku tatu baadaye. Mapigano makali yalitokea La Plata, karibu kabisa na nyumba ya Walsh, ambaye usiku huo alimsikia kijana mmoja aliyekuwa akitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria akifa nje ya dirisha lake. Hata hilo halikumtoa katika sataranji yake. Kwa miezi sita alilichukua jambo zima kuwa balaa la kisiasa lililokwisha pita, mpaka jioni moja ya Desemba 1956, katika mkahawa ule ule, mtu mmoja alipomnong'oneza kwamba miongoni mwa waliopigwa risasi mwezi Juni kuna aliye hai.

Mtu huyo aliitwa Juan Carlos Livraga, na kisa chake kilikuwa hiki. Usiku wa uasi, kundi la wanaume lilikusanyika katika nyumba moja ya mtaa wa Florida, kaskazini mwa jiji la Buenos Aires, wakisikiliza redioni pambano la ndondi la ubingwa wa Amerika Kusini. Baadhi yao walijua kuhusu uasi na walikuwa wakisubiri ishara. Wengine walikuja kwa sababu ya ndondi tu, na walikuwapo waliopita kumtembelea jirani. Polisi wakavamia, wakiongozwa na mkuu wa polisi wa mkoa, Luteni Kanali Desiderio Fernández Suárez, ambaye alikuwa akimtafuta jenerali mmoja mwasi asiyekuwapo. Waliokamatwa walipelekwa kituoni, wakahojiwa, na kabla ya alfajiri amri ikatoka kwamba wapigwe risasi. Walipakiwa ndani ya gari hadi kwenye jalala la José León Suárez, wakaambiwa watembee gizani huku taa za gari zikiwamulika mgongoni, na bunduki zikafyatuliwa. Kati ya watu 12 waliofikishwa katika mkasa huo, watano walikufa na saba walinusurika, wengine kwa kukimbia, wengine kwa kujilaza kama maiti. Livraga alipigwa risasi iliyomvunja taya, akaachwa akidhaniwa amekufa, akainuka, akafika hospitalini, akakamatwa tena akiwa na majeraha yale yale, na hatimaye akaachiliwa bila kushtakiwa kwa kosa lolote.

Walsh alipouona uso wa Livraga aliacha kila kitu. Alihama nyumbani, akajipatia kitambulisho chenye jina la Francisco Freyre, akatembea na bastola, na kwa miezi kadhaa akaishi kwa kuhamahama, mara kwenye nyumba ya kuazima katika visiwa vya delta ya Tigre, mara kwingineko. Upelelezi haukuwa wake peke yake. Enriqueta Muñiz, mwandishi wa habari kijana aliyefahamiana naye Hachette, alimsaidia kuwatafuta walionusurika na wajane wa waliouawa, akaingia katika nyumba ambazo mwanamume mgeni asingefunguliwa mlango, na akaandika daftari la upelelezi huo ambalo lilichapishwa mwaka 2019, miongo sita baada ya kitabu. Walsh alimtabaruku kitabu hicho, jambo linalomstahili. Historia ya fasihi, kwa upande wake, ilichelewa mno kumtaja.

Hoja kuu ya upelelezi wao ilikuwa ya saa. Serikali ilidai kwamba watu wale waliuawa chini ya sheria ya kijeshi, yaani utaratibu wa dharura unaoruhusu jeshi kuhukumu na kuua bila mahakama ya kawaida. Hata hivyo sheria haiwezi kumhukumu mtu kwa jambo alilofanya kabla haijatangazwa, na kwa hiyo swali lote likawa: watu wa Florida walikamatwa saa ngapi, na sheria ilitangazwa saa ngapi? Walsh alilitafuta daftari la matangazo la redio ya taifa, ambamo kila wimbo na kila tangazo huandikwa pamoja na dakika yake, akakuta kwamba tangazo la sheria ya kijeshi lilisomwa saa 6 na dakika 32 usiku, tarehe 10 Juni. Kisha akapata maelezo ya Fernández Suárez mwenyewe, aliyoyatoa mbele ya baraza la ushauri la mkoa akijisifia uvamizi wake, ambamo alitamka kwamba aliwakamata watu hao saa 5 usiku wa tarehe 9. Mkuu wa polisi alikuwa amejitia hatiani kwa kinywa chake, na aliyeligundua hilo ni mtu aliyezoea kuweka karatasi mbili sambamba na kutafuta zinapoachana. Kwa maelezo hayo, waliokufa jalalani hawakutimiziwa adhabu ya kifo chini ya sheria yoyote, waliuawa tu.

Hakuna gazeti kubwa lililotaka habari hiyo. Mashtaka ya Livraga yalitoka kwanza katika gazeti dogo la mrengo wa kushoto mwishoni mwa Desemba 1956, makala za mwanzo za Walsh zikatokea katika karatasi za wazalendo, na mfululizo kamili ukachapishwa na jarida la Mayoría kuanzia Mei hadi Julai 1957. Kabla ya mwaka huo kwisha makala hizo zilikusanywa kuwa kitabu, Operación Masacre. Kitabu kina sehemu tatu: watu, matukio na ushahidi. Katika sehemu ya kwanza msomaji anaingia nyumba moja baada ya nyingine, anamwona huyu akimuaga mkewe, yule akichukua koti kwa sababu ya baridi ya Juni, mwingine akitoka kwenda dukani tu. Sehemu ya pili inakwenda kwa mwendo wa riwaya ya kusisimua. Na sehemu ya tatu inaachana kabisa na simulizi na kuwa hati ya mashtaka, yenye nyaraka, viapo na majibu kwa kila kisingizio cha serikali. Hapo ndipo Walsh anapoachana na Capote. Capote alitaka kumwelewa muuaji na kutengeneza kazi kamilifu ya sanaa, na kwa ajili hiyo alisubiri hadi wauaji wanyongwe ndipo amalize kitabu chake. Walsh alitaka mtu ashtakiwe, na alikubali kitabu chake kiharibike umbo pale ambapo ushahidi ulidai nafasi. Ukamilifu wa sanaa upo zaidi kwa Mmarekani. Lakini kwa uzito wa jambo lililotiwa rehani, Operación Masacre ni kitabu kikubwa zaidi.

Mashtaka hayakufika popote. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kesi ya Livraga ni ya mahakama za kijeshi, maana yake wauaji walikabidhiwa kwa wenzao, na faili likafunikwa. Walsh alikirudia kitabu mara kadhaa, mwaka 1964, 1969 na 1972, akiacha simulizi ya usiku ule karibu kama ilivyokuwa lakini akibadilisha dibaji na tamati, na mwenye kuyasoma matoleo hayo kwa mfuatano atamwona mwandishi akibadilika ukurasa kwa ukurasa. Katika toleo la kwanza anazungumza kama raia anayeamini kwamba serikali haijapewa habari sahihi na kwamba ikishapewa itachukua hatua. Katika yale ya baadaye haongei tena na serikali, na kosa la afisa mmoja limegeuka kuwa sura ya kawaida ya tabaka zima linalotawala.

Mwaka 1958 alirudia njia ile ile kwa mauaji ya wakili Marcos Satanowsky, aliyepigwa risasi ofisini kwake Juni 1957 katika ugomvi uliohusu umiliki wa gazeti la La Razón. Upelelezi wake ulimfikisha kwenye idara ya usalama wa taifa na kwa jenerali aliyeiongoza, na ukaishia, kama ule wa kwanza, bila hukumu. Mwaka uliofuata alikwenda Havana kusaidia kuanzisha Prensa Latina, shirika la habari la Kuba ya mapinduzi, lililoongozwa na Mwargentina mwenzake Jorge Masetti na ambalo Gabriel García Márquez pia alilifanyia kazi. García Márquez ndiye aliyesimulia baadaye jinsi Walsh, akiwa na kitabu cha mafunzo ya maandishi ya siri alichokinunua kwenye duka la vitabu vya zamani, alivyofumbua ujumbe wa teleksi ulioonekana kama takataka za mtambo na kukuta habari za wapiganaji waliokuwa wakifunzwa Guatemala kwa ajili ya kuivamia Kuba. Simulizi za García Márquez huwa na chumvi yake, lakini hii inaafikiana vizuri na yote yanayojulikana kuhusu mtu aliyesimuliwa.

Baada ya kurudi Argentina alijitenga kwa muda na siasa, akaandika tamthilia mbili, na mwaka 1965 na 1967 akatoa mikusanyiko miwili ya hadithi fupi, Los oficios terrestres na Un kilo de oro, iliyomweka katika safu ya mbele ya watunzi wa Amerika ya Kusini. Hadithi yake inayosomwa kuliko zote, Esa mujer, ni mazungumzo kati ya mwandishi wa habari na kanali mmoja mlevi anayejua ulipofichwa mwili wa mwanamke fulani. Jina la mwanamke huyo halitajwi hata mara moja, na hapakuwa na haja, kwa kuwa kila msomaji wa Argentina alijua kwamba ni Eva Perón, ambaye maiti yake iliyohifadhiwa kwa dawa ilichukuliwa na jeshi mwaka 1955, ikazikwa kwa siri nchini Italia chini ya jina la uongo, na kurudishwa kwa mumewe mwaka 1971 tu. Hadithi hiyo ilitokana na mazungumzo ya kweli. Katika kura ya waandishi na wahakiki iliyopigwa mwishoni mwa karne, ilichaguliwa kuwa hadithi fupi bora ya Argentina ya karne ya 20.

Kila mtu sasa alimngojea aandike riwaya. Mchapishaji Jorge Álvarez alimpa mkataba na kumlipa fedha za kila mwezi ili aimalize, na shajara zake za miaka hiyo zimejaa mipango, lawama na aibu kuhusu kitabu ambacho hakikutoka. Katika mahojiano yake ya mwaka 1970 na Ricardo Piglia alieleza kwamba riwaya, kama watu walivyoipokea kutoka karne iliyotangulia, huenda ni umbo la tabaka moja na la zama moja, na kwamba ushahidi na shutuma vinaweza kutengenezwa kwa ustadi ule ule wa sanaa. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa ni vigumu kuisoma bila kuhisi kwamba, kwa sehemu fulani, mwandishi alikuwa akijitetea mbele ya deni. Ukweli unabaki kwamba mtunzi huyu, anayehesabiwa miongoni mwa mabwana wa nathari ya Kihispania, hakuacha riwaya ya kubuni hata moja, na kwamba vitabu vyake vinavyosomwa kama riwaya havina mhusika wa kubuniwa.

Wakati fedha za riwaya zilipokuwa zikiingia, muda wake ulikuwa ukienda kwa wafanyakazi. Tangu Mei 1968 alihariri gazeti la kila wiki la CGT de los Argentinos, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililojitenga na viongozi waliokuwa tayari kuelewana na utawala wa kijeshi wa wakati huo, na ndani ya gazeti hilo akachapisha mfululizo uliokuwa kitabu mwaka 1969, ¿Quién mató a Rosendo?, yaani nani aliyemuua Rosendo. Kisa chenyewe kilikuwa cha usiku wa tarehe 13 Mei 1966, katika mkahawa wa piza uitwao La Real huko Avellaneda, ambapo makundi mawili ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi yalikaa meza za jirani, yakagombana, na risasi zikaua watu watatu, akiwamo Rosendo García, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma na msaidizi wa Augusto Vandor, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Polisi waliwatupia lawama wapinzani wa Vandor. Walsh alichora ramani ya meza, akapima mielekeo ya matundu ya risasi ukutani, akawatafuta walionusurika, na akaonyesha kwamba risasi iliyomuua Rosendo ilitoka nyuma yake, upande wa watu wake mwenyewe. Ni kitabu kikavu kuliko Operación Masacre, chenye maelezo marefu kuhusu vyama vya wafanyakazi ambayo leo huchosha. Kurasa zake za meza na matundu, hata hivyo, ni Daniel Hernández mtupu, akifanya kazi mahali ambapo damu ni ya kweli. Katikati ya mwaka huo huo wa 1969 Vandor aliuawa na watu wenye silaha.

Kutoka hapo maisha ya Walsh yaliingia katika eneo ambalo wapenzi wake hupita haraka. Alijiunga na harakati za silaha, na kufikia mwaka 1973 alikuwa ndani ya Montoneros, kundi la wapiganaji wa chini kwa chini wa mijini waliojiita wafuasi wa Perón, ambalo lilijitangaza mwaka 1970 kwa kumteka na kumuua Aramburu, mtu yule yule aliyetawala wakati wa mauaji ya José León Suárez. Walsh alifanya kazi katika gazeti la kundi hilo, Noticias, na katika kitengo chake cha upelelezi, akitumia kwa ajili ya vita ujuzi alioupata kwa kusoma karatasi. Montoneros waliua askari, viongozi wa vyama na wengine waliowahukumu katika vikao vya siri, bila wakili wala rufaa, na mwandishi aliyewahi kuthibitisha kwa dakika 92 kwamba hakuna anayestahili kuuawa nje ya sheria alibaki katika safu zao. Ni kweli kwamba alikuwa ameona mahakama zikikataa kesi zake zote. Ni kweli pia kwamba mwishoni mwa mwaka 1976 na mwanzoni mwa 1977 aliwaandikia viongozi wa kundi nyaraka kali za ndani, akiwaambia kwamba vita vyao vimeshindwa na kwamba wanapaswa kulinda maisha ya watu badala ya kuendelea kushambulia. Hawakumsikiliza.

Kwa wakati huo jeshi lilikuwa limetwaa madaraka tena, tarehe 24 Machi 1976, chini ya Jenerali Jorge Rafael Videla, na limeanza kampeni ya kuwatowesha watu, yaani kuwateka, kuwatesa katika vituo vya siri, kuwaua na kuficha miili yao ili pasiwe na kesi wala kaburi. Magazeti yalinyamaza. Walsh akaunda ANCLA, shirika la habari la siri lililokusanya taarifa kutoka kwa watu waliokuwa karibu na jeshi, mahakama na bandari, na kuzituma kwa waandishi wa ndani na nje. Akaanzisha pia karatasi fupi zilizomwomba kila msomaji azinakili kwa mkono au kwa taipureta na kuzipitisha kwa wengine. Tarehe 29 Septemba 1976, siku moja baada ya kutimiza miaka 26, binti yake mkubwa María Victoria, aliyekuwa ofisa wa Montoneros, alikufa katika nyumba iliyozingirwa na jeshi. Baba yake aliandika barua kwa rafiki zake kueleza alivyokufa, akitegemea ushahidi wa mtu aliyeshuhudia, kama alivyotegemea ule wa wajane wa mwaka 1956.

Katika mwaka wa kwanza wa utawala huo aliishi na mwenzi wake Lilia Ferreyra katika nyumba ndogo isiyo na umeme huko San Vicente, kusini mwa jiji, na huko akaandika maandiko yake ya mwisho, barua ya wazi kwa baraza la kijeshi, yenye tarehe 24 Machi 1977 na sahihi ya jina lake kamili pamoja na namba ya kitambulisho. Kwa hesabu alizoweza kuzikusanya, aliwataja watu 15,000 waliotoweshwa, wafungwa 10,000 na waliouawa 4,000, akaeleza mahali miili ilipotupwa, kisha akageukia uchumi na kudai kwamba ukatili mkubwa zaidi wa utawala ule ni kuwatumbukiza mamilioni katika umaskini uliopangwa. Hakuna gazeti la Argentina lililoichapisha. Tarehe 25 Machi, akiwa amevaa kama mzee mstaafu, alitia nakala za barua hiyo katika masanduku ya posta na kuelekea kwenye miadi karibu na makutano ya barabara za San Juan na Entre Ríos, ambapo kikosi kutoka Chuo cha Ufundi cha Jeshi la Wanamaji, kinachojulikana kwa kifupi cha ESMA, kilikuwa kikimngojea kwa amri ya kumkamata akiwa hai. Alichomoa bastola ndogo, akapigwa risasi, na wafungwa waliokuwa ndani ya ESMA waliuona mwili wake ukiingizwa huko.

Usiku uliofuata nyumba ya San Vicente ilishambuliwa kwa risasi na karatasi zake zote zikachukuliwa, ikiwamo hadithi aliyokuwa ameimaliza muda mfupi kabla, Juan se iba por el río, ambayo inajulikana leo kwa sababu tu Lilia Ferreyra, aliyekuwa ameisoma, aliisimulia kwa kumbukumbu. Tarehe 26 Oktoba 2011 mahakama ya shirikisho mjini Buenos Aires iliwahukumu kifungo cha maisha maofisa 12 wa zamani kwa makosa yaliyofanyika ESMA, na kisa cha Walsh kilikuwa mojawapo ya yale yaliyosikilizwa. Hakuna aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji ya jalala la José León Suárez. Mwili wa Walsh na karatasi zake havijarudishwa.